Waliomwosha Umulisa

Kimironko, Kigali, 14 Januari 2025

Shami,

Huna haya. Naanza hapo kwa sababu salamu zinaweza kungoja, hasira haiwezi. Kagabo wa mizigo amenishushia barua yako mbele ya watu pale sokoni, na ndani yake ile karatasi ya maswali, kama mimi ni mtuhumiwa. "Bibi, mwili ulikuwa na alama gani? Ulianza upande gani? Ulijisikiaje?" Nilijisikiaje. Mtu anamuuliza bibi yake neno kama hilo kwa kalamu ya bluu.

Haya, sasa salamu. Asalaam alaykum. Mimi niko. Goti la kulia linanisumbua nikipanda pale kwenye ngazi za soko. Cherehani imebadilishwa mkanda, inakwenda vizuri, inapiga kelele kidogo tu. Cécile, yule mpangaji wa chumba cha nyuma, bado anaimba kwaya tangu alfajiri, na mimi bado namgongea ukuta. Kiongozi wa mtaa, wa umudugudu, alisema kila nyumba ipake rangi upande wa barabara. Nimepaka. Hakusema ahsante. Mukandayisenga anakusalimu. Meza yake ya vitenge bado iko pembeni ya cherehani yangu. Anauza, nashona. Anakusalimu kwa moyo mweupe kwa sababu hajui unaandika nini.

Unaniambia unatengeneza filamu ya kutisha juu ya yule mpiga picha wa Masaka, aliyekuwa anawaita wasichana awapige picha za pasipoti wapate kazi Uarabuni, kisha anawaua na kuwaficha kwenye tanuru bovu la matofali. Unanieleza kama vile mimi ni mgeni hapa mjini. Shami, mmoja wa wale alikuwa Umulisa, mtoto wa Mukandayisenga. Polisi walipomrudisha, nilimwosha mimi kwa mikono hii, na wewe ukanimwagia maji. Tulikuwa wawili tu mle ndani, mlango umefungwa. Sasa wewe uliyekuwepo unaniuliza mimi niliona nini?

Anayeosha maiti anayaacha aliyoyaona mle mle kwenye maji. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mimi nikakufundisha wewe siku ile kabla hujashika ndoo. Alama, jeraha, rangi, uso, hakuna kinachotoka. Hata mume wa marehemu hapewi. Hata mama. Sembuse watu wanaokula bisi gizani.

Usinipigie simu. Simu ya Cécile anaiweka sauti ya nje, ua mzima unasikia. Barua naisoma polepole, narudia, naelewa. Andika, mpe Kagabo akija Kariakoo kuchukua mzigo wake.

Bibi yako,
Mukasine


Dar es Salaam, 20 Februari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia wiki hii tu. Kagabo alikwama Benaco, karibu na mpaka, gari likaharibika. Nimefurahi kusikia cherehani inakwenda. Kuhusu goti, tafadhali nenda ukapimwe, usisugue mafuta ya karafuu tu na kusema limepona.

Mimi ni mzima. Nimehamia Tabata, chumba kina dirisha linalotazama ukuta. Joto ni kali. Wenzangu kazini ni watu wazuri, tunacheka sana mchana, jioni kila mmoja anakwenda kwao. Nimejifunza kupika wali wa nazi lakini kwa mtu mmoja haupikiki, unabaki siku mbili.

Bibi, umenikasirikia na una haki kwa sababu ya ile karatasi. Ilikuwa ya mtayarishaji, mwenye kampuni. Anawapa watu wote maswali yale yale. Ningepaswa kuichana. Lakini nisikilize kidogo. Mimi ndiye niliyeandika hadithi na ndiye ninayeongoza. Majina yote yamebadilishwa. Mji hautajwi. Katika filamu, wale wasichana wanarudi kupitia picha zao. Kila mteja mpya anapopigwa picha, wao wanatokea nyuma yake, na mpiga picha hawezi kuwafuta. Mwishoni yeye ndiye anayekimbia. Nilitaka waogopwe wao, badala ya yeye. Magazeti yalimwandika yeye tu, mpaka kiatu alichovaa mahakamani. Umulisa alipata mstari mmoja, na umri wake ulikosewa.

Nauliza jambo dogo tu. Zile dua ulizokuwa unasoma kwa sauti ya chini, zilikuwa zipi? Nataka kama kuna kitu kinatajwa, kitajwe sawasawa.

Nakupenda. Nimempa Kagabo kanga mbili.

Mjukuu wako,
Shami


Kimironko, 12 Machi 2025

Shami,

Kanga nimezipata. Moja nimemshonea Cécile mto wa kitanda ili asiimbe karibu na ukuta. Haijasaidia.

Mwezi wa Ramadhani umeingia. Nafuturu peke yangu, isipokuwa siku Mukandayisenga anapoleta uji wa mtama, tunakaa jikoni, tunakunywa, hatuzungumzi sana. Ndivyo tulivyo. Watu wakituona wanafikiri tumegombana. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Nilikuwa nawasha taa mbili, sasa nawasha moja.

Goti halijapimwa. Usinifundishe karafuu.

Umeuliza dua zipi. Mtu hawezi kuuliza dua za kuosha kama hana mahali anapotaka kuziweka. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la tatu lakini si mjinga. Kwa hiyo nakuuliza, na ujibu kama mtu aliyelelewa: kwenye hiyo filamu yako kuna kuoshwa kwa maiti? Ndiyo au hapana.

Kabla hujajibu, nikukumbushe jambo ambalo wewe hukuliona kwa sababu ulikuwa ndani unakusanya ndoo. Nilipotoka siku ile, Mukandayisenga alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya mlango, na shemeji zake wamemshika mabega. Walikuwa wamemkataza kuingia na yeye mwenyewe hakutaka. Hakuniuliza alivyokuwa. Hakuniuliza kama aliteseka. Aliniuliza neno moja: "Ametoharika?" Nikamwambia, "Ametoharika." Akainamisha kichwa, akalia vizuri, kama mtu anavyopaswa kulia. Tangu siku ile analala. Anakula. Anauza vitenge na kugombana na wateja. Yote hayo amejenga juu ya neno moja nililompa, na juu ya kila nililomnyima. Anamwona mtoto wake kichwani kama alivyotoka nyumbani asubuhi, na nywele zake zimesukwa, anakwenda kupiga picha.

Nataka abaki hivyo. Ndicho ninachotaka, sina kingine.

Jibu.

Mukasine


Dar es Salaam, 9 Mei 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na Idd Mubarak iliyopita. Naomba radhi kwa kuchelewa. Kagabo alipita Aprili lakini nilikuwa Bagamoyo kazini, na aliporudi mara ya pili sikuwa nimemaliza kuandika. Nilianza barua hii mara nyingi.

Hapa mvua ni kubwa. Barabara ya kwetu imekuwa mto, tunavuka kwa mbao. Jirani yangu amejifungua watoto mapacha na usiku nawasikia wanalia kwa zamu. Nimepunguza uzito kidogo, usijali. Nimepata rafiki mmoja, mwanamke wa Kigoma, anayeshona mavazi ya waigizaji. Anashika sindano kama wewe.

Filamu imekamilika. Sasa ni kuhariri sauti. Itaonyeshwa Kigali mwezi wa tisa, kwenye ukumbi mkubwa mjini, na mtayarishaji ananiambia nitasimama mbele ya watu nizungumze. Ningependa uwepo. Nitakutumia tiketi. Utakaa mbele, na kama hutaki kutazama, utanitazama mimi.

Natuma pamoja na barua hii kitambaa cha hariri, rangi ya zambarau, ujishonee gauni la siku hiyo.

Wako,
Shami


Kimironko, 22 Juni 2025

Shami,

Kitambaa kiko kabatini. Sijakigusa.

Niliuliza ndiyo au hapana. Ulinijibu mvua, mapacha, na mwanamke wa Kigoma. Nikajua ni ndiyo. Nikakaa nayo, nikasema labda atafikiri, ana akili yule mtoto, nilimlea mwenyewe tangu mama yake, mwanangu Hawa, alipofariki. Kumbe filamu yako imetangulia kufika kabla ya akili yako.

Siku ya pili baada ya Idd ya kuchinja, wale vijana washonaji wa upande wa pili wa soko walikuwa wamekusanyika kwenye simu moja, wanatazama tangazo la filamu yako. Wanacheka, wanashtuka, wanacheka tena. "Ni ya Shami, yule wa hapa," wanasema, wanajivunia. Mmoja akampelekea Mukandayisenga aone. Hakuwa na ubaya. Hakujua. Wote walikuwa watoto wakati ule.

Akaja kwangu na ile simu mkononi. Hakukaa. Mimi nilikuwa napinda marinda ya mtu.

"Mama Hawa, hii ameitengeneza Shami wetu?"

Nikasema ndiyo.

"Huyu mama anayeosha ni wewe?"

"Ni mtu wa kulipwa. Hata kitambaa cha kuoshea amekifunga mkono usiostahili."

Hakucheka. "Mkono wake unakwenda vizuri," akasema, "unafika hapa." Akajigusa mwenyewe mwilini. Sitakuandikia wapi, unajua. "Unafika hapa, unasimama. Halafu anainua uso. Anamtazama msichana mwenye maji. Mama Hawa, mkono wako ulisimama?"

"Nilikuambia ametoharika."

"Sikuulizi hilo. Hilo uliniambia. Nakuuliza mkono."

Nikanyamaza. Ungenifanya niseme nini? Ningesema haukusimama ningekuwa mwongo juu ya maiti. Ningesema ulisimama ningekuwa nimemfunua mtoto wake pale kati ya nyanya na vitenge. Kwa hiyo nikafanya nililolifanya siku zote. Nikakaza macho kwenye marinda.

Akangoja. Alingoja sana, Shami. Mteja wangu akaondoka bila nguo yake.

"Basi ulisimama," akasema.

Akarudisha simu kwa mwenyewe, akafunga meza. Kesho yake akaja na vijana wa mkokoteni, wakahamisha vitu vyake kwenda upande wa viatu. Mahali pake amekaa mtu wa vikombe vya plastiki, anaongea mchana kutwa. Mukandayisenga haji tena kwangu. Cécile anasema anamwona saa za usiku ametoka barazani, amekaa.

Umeelewa ulichofanya? Ule unyamavu wangu ndio uliokuwa blanketi lake. Alijifunika nalo tangu siku ile ya mkeka. Wewe umeugeuza ukawa jibu. Sasa kila nikinyamaza, ninasema. Hukuniachia hata mlango mmoja.

Ile filamu ikatwe pale. Sitaki maelezo.

Mukasine


Dar es Salaam, 21 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo. Hakuna habari za mvua katika barua hii.

Barua yako niliisoma nimesimama Kariakoo, Kagabo akiwa anapakia majora yake. Aliniuliza kama kuna msiba. Nilimwambia hapana, akanipa kiti cha mwenye duka nikakaa.

Nilijilinda kwa kusema sikuonyesha kitu. Kamera haishuki. Haionyeshi mwili, haionyeshi hata shuka lote. Ni mkono tu unaosimama na macho mawili yanayokutana. Mtayarishaji alitaka jeraha, alitaka damu, alileta mtu wa kupaka rangi. Nilikataa mpaka akanitukana. Nilifikiri nimetimiza ulichonifundisha. Nilijiambia, Bibi akiona ataona kwamba nimemsitiri.

Lakini sitasema uongo kwako. Sikuuweka ule mkono kwa ajili ya Umulisa. Niliuweka kwa ajili yangu.

Siku ile ulinitazama. Mkono wako uliposimama, uliinua macho ukanitazama mimi, mara moja tu, halafu ukasema, "Mwaga." Nikamwaga. Tulimaliza, tukamvika sanda, tukatoka. Jioni ulirudi kwenye cherehani, ukamalizia sare za shule za watu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Nilingoja uniambie neno. Wiki nzima nilikaa karibu na wewe nikijifanya natoa nyuzi kwenye mapindo. Hukusema. Nikaja kwako mara moja nikasema, "Bibi, kuhusu Umulisa," ukasema, "Leta mkasi."

Ndiyo maana niliondoka, Bibi. Haikuwa chuo. Chuo kilikuwapo Kigali.

Mpaka leo nikiogea ndoo naoga macho wazi. Yule mwanamke wa Kigoma anajua sipati usingizi, hajui kwa nini, kwa sababu nimetunza. Sijamwambia mtu. Wala waigizaji. Niliwaambia tu mkono ufike hapa, usimame. Katika dunia nzima ni watu wawili waliokuwa mle ndani, na mmoja hataki kuzungumza nami. Kwa hiyo nikatengeneza chumba kingine, nikamweka mwanamke mwingine, ili anitazame mara ya pili na safari hii asigeuze uso. Lakini hata yeye aligeuza. Tulirudia mara nyingi. Kila mara niliona anageuza na mimi ndiye niliyemwambia ageuze.

Ulinifundisha kumwaga. Hukuniambia lini niache.

Mtayarishaji anasema kipande kile ndicho kinachouza filamu. Nikikikata anaondoa jina langu kwenye filamu. Sijui nifanye nini. Nimechoka sana.

Shami


Kimironko, 5 Agosti 2025

Shami,

Mtu mzima hasimami Kariakoo anasoma barua za nyumbani. Barua inasomwa umekaa, umekula. Hilo moja.

La pili, asalaam alaykum. Goti nimepima, Cécile alinipeleka kwa pikipiki, nimeshika kiuno cha dereva kama msichana, soko zima limeniona. Daktari amesema ni uzee. Nimemwambia hilo nilikuwa nalijua bure.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma tena. Nilikuwa na gauni la harusi la mtu linatakiwa Ijumaa na halikuisha, mwenyewe amelalamika, nimemwambia aende kwa wengine. Hajawahi kusikia hivyo kutoka kwangu.

Unasema nilirudi kwenye cherehani. Nilirudi. Zile sare nilizishona vibaya, mikono ya kushoto yote nikaiweka kulia, nikazifumua alfajiri wewe umelala. Sikukuambia kwa sababu mimi sikuambiwa na yeyote. Mama yangu aliosha watu hapa Kigali katika siku ambazo sitaki kuzitaja, na alikuwa akirudi nyumbani anapika. Nilidhani ndivyo inavyofanywa. Mtu anapika. Sikujua kama wewe umekaa pale na nyuzi zako unangoja. Nilifikiri unatoa nyuzi.

Unasema sikukuambia lini uache. Nakuambia leo. Acha.

Jana nilikwenda upande wa viatu. Nilikaa kwenye kigoda cha Mukandayisenga bila kualikwa. Hakunifukuza. Alikuwa anakunja vitenge, anakunjua, anakunja. Nikamwambia, "Sikujibu, na sitakujibu mpaka naingia kaburini." Akasema, "Najua." Kisha akasema, "Mimi siumizwi na wewe kunyamaza. Siwezi tu kukaa pembeni ya hiyo mikono, Mama Hawa. Nikiiona inapinda nguo naiona inasimama." Nikaificha chini ya kanga. Tukakaa hivyo mpaka mteja akaja. Nikaondoka. Sijui kama atarudi pale pake. Yule wa vikombe ameshalipia mpaka Desemba.

Usije ukafikiri ukikata kile kipande atasahau. Hatasahau. Alishaona. Utakikata hata hivyo, kwa sababu mwezi wa tisa ukumbi ule utajaa watu wanaomjua, na mmoja atatoka pale anamtafuta sokoni amuulize. Huyo ndiye unayemzuia. Mwambie bwana wako wa filamu aondoe jina lako na alifute vizuri. Jina si kitu, una lingine, la mama yako. Akikataa kukata, chukua basi uje uniambie, nitakwenda mimi kwa wakubwa wa huo ukumbi na goti hili hili nikae mlangoni mwao. Wataona aibu kabla yangu.

Halafu sikiliza vizuri, maana hili sijapata kulisema kwa mtu.

Siri ya kuosha ni kwa wale waliokuwa nje ya mlango. Wewe ulikuwa ndani. Kati yangu na wewe hakuna wa kumfichia. Ningelijua hilo siku ile, au ningekuwa na akili ya kulifikiri, tusingefika hapa. Hata mimi naona usiku, Shami. Si wewe peke yako. Na sina hata mwanamke wa Kigoma.

Kwa hiyo utafanya hivi. Kamalize na huyo bwana. Panda basi, usingoje Kagabo. Lete nguo za baridi, Kigali si Tabata. Ukishuka usije kwangu kwanza. Nenda upande wa viatu, umsalimie Mukandayisenga kwa mikono miwili, ukae chini mbele yake. Atakuuliza. Usimjibu, na usiondoke. Akilia, kaa. Akikutukana, kaa, umeyapata kwa haki. Mpaka yeye mwenyewe aseme nenda.

Kisha uje nyumbani. Cécile nitampeleka kwa dada yake aimbe huko. Nitafunga mlango, nitaweka chai, na utaanza wewe. Utaniambia yote, pole pole, tangu shuka lilipofunuliwa. Usirukie. Ukimaliza, nitakuambia ya kwangu, na wewe utanitazama usoni mpaka mwisho.

Mukasine